Kupanda Hanang kwa siku moja ukitokea Wete

Swali: "Assalaam alaykum Mama, na shikamoo. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, nina miaka 33. Tuko saba, wanawake wanne na wanaume watatu, na tumeazimia kupanda Mlima Hanang mwezi wa nane, kwenda na kurudi siku ile ile. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda mlima. Kibali kinapatikana wapi, na tufanyeje mazoezi nasi kwetu hakuna mlima? Khofu yangu kubwa ni pumzi."

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Mlima mmeuchagua vizuri. Hanang una mita 3,420 hivi, ni wa nne kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin, na ni miongoni mwa milima mirefu michache ambayo mtu aliyejiandaa anaweza kuipanda na kushuka kwa siku moja. Lakini siku hiyo ni ndefu. Hesabu saa 11 hadi 13 za miguu. Kutoka njia inapoanza, juu kidogo ya mji wa Katesh, mpaka kileleni mtapanda wima kiasi cha mita 1,600. Huku kwetu Unguja sehemu ya juu kabisa ni upande wa Masingini, nayo haizidi mita 120 au karibu na hapo. Kwa hiyo ni kama kupanda Masingini kutoka usawa wa bahari mara 13 mfululizo, kisha kushuka mara 13.

Hilo la kushuka ndilo ninalotaka ulishike, kwa sababu sikuliona katika swali lako. Kila mtu wa visiwani anayeniuliza habari za mlima huuliza pumzi. Nimepeleka watu wa Unguja na Pemba milimani Bara kwa miaka mingi, na walioshindwa na pumzi ni wachache. Pumzi ikipungua unapunguza mwendo, unasimama, inarudi. Goti likilegea saa tisa mchana, na chini bado kuna mita 1,200 za mteremko, huna pa kwenda ila kuendelea kushuka kwa goti lile lile. Mlima wa siku moja ni mtihani wa kushuka kabla jua halijazama, na karibu kila ninalokwambia hapa chini, hata habari za kibali, linarudi hapo.

Tuanze na kibali basi. Watu wengi hukimbilia TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, kwa kudhani kila mlima ni hifadhi ya taifa. Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa, Hanang siyo. Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia ya msitu, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ofisi mnayoitafuta iko Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara. Pigeni simu au andikeni wiki mbili au tatu kabla, mseme mko wangapi, uraia wenu, tarehe, na kwamba mnataka kupanda na kushuka siku moja kwa njia ya Jorodom. Ndiyo njia inayotumiwa zaidi na watu wanaoanzia Katesh.

Malipo hayafanywi kwa noti mkononi. Ofisi hutengeneza bili, inakupeni namba ya malipo ya serikali, ile ambayo watu wote wanaiita kontroo namba, mnalipa benki au kwa simu. Mambo mawili hapa. Ada hutofautiana kati ya Mtanzania na mgeni, kwa hiyo kila mmoja wenu achukue kitambulisho cha NIDA. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ni chetu na tunakipenda, lakini usikitegemee peke yake mbele ya dirisha la ofisi ya Bara. Pili, namba ya malipo ina tarehe ya kuisha. Mkiiomba mapema mno itakufa mkononi, na ada zenyewe huweza kubadilika mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai. Mimi huwa naulizia mapema, ila bili naitaka wiki ile ile ya safari.

Nakwambia haya kwa kuwa nimeyalipia. Katika kundi langu la mwanzo kabisa, mlima mwingine huko Bara, niliiomba namba mapema nikaiweka, asubuhi ya kupanda nikakuta muda wake umekwisha. Kosa lilikuwa langu. Tukakaa kwenye ngazi za ofisi mpaka ikafunguliwa, tukaanza kutembea saa 3 badala ya saa 11 alfajiri. Kileleni hatukufika, na hilo halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kushuka gizani watu tisa na tochi mbili. Dada mmoja magoti yalikuwa yakimcheza kama cherehani. Alikaa chini, akawa anashuka kwa makalio, anashika jiwe hili, anapapasa la pili kwa mguu, na mimi nyuma yake namulika. Tulifika chini saa 4 usiku. Tangu siku hiyo sipandi mlima kwa kibali cha asubuhi ile ile. Risiti lazima iwe mkononi jana yake, na mwongozaji nimeshamwona uso, nimekunywa naye chai, nimemwambia ni nani kati ya watu wangu aliye dhaifu.

Mwongozaji ni wa lazima, hata kama kijana wenu mmoja ana ramani kwenye simu. Muombeni ofisini, msimwokote stendi. Ukungu ukishuka kwenye ule ukingo wa juu njia hupotea, na simu baridini huishiwa chaji upesi kuliko ulivyozoea.

Ofisi za serikali hazifunguliwi Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo pangeni safari kwa kuhesabu siku za kazi. Kutoka kwenu mtashuka hadi Mkoani, mpande boti ya Unguja, kisha Dar es Salaam. Kutoka Dar nawashauri treni ya SGR hadi Dodoma. Ilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, nayo imewapunguzia wasafiri uchovu mwingi. Halafu basi la Dodoma kwenda Babati kupitia Kondoa, kama kilomita 250 za lami, na kutoka Babati hadi Katesh ni safari fupi kwenye barabara ya Singida. Mkitoka Wete Jumamosi, Jumatatu jioni mko Katesh bila kukimbizana. Jumanne kibali na mwongozaji, pamoja na matembezi ya saa mbili tatu kwenye vilima vya karibu. Jumatano pumzikeni. Alkhamis mpande.

Usiione siku ya mapumziko kuwa anasa. Katesh iko juu, zaidi ya mita 1,600, na nyinyi mmezaliwa na kulala maisha yenu yote usawa wa bahari. Usiku mbili tatu pale huipa miili yenu nafasi ya kuzoea. Kileleni kila pumzi itawapa kama thuluthi mbili tu ya oksijeni mnayoipata Wete. Mtu anaweza kuumwa kichwa, kutapika, kuona kizunguzungu. Maumivu madogo ya kichwa yakitulia kwa maji na kupumzika, endeleeni taratibu. Kichwa kikizidi, au mtu akianza kupepesuka na kujibu maneno yasiyoeleweka, dawa ni moja: ashuke, hapo hapo, na asishuke peke yake.

Sasa mazoezi. Unasema kwenu hakuna mlima. Kweli, lakini nyinyi wa Pemba mna bahati kutushinda sisi wa Unguja, maana kisiwa chenu ni vilima na mabonde tangu kaskazini hadi kusini. Mnachokihitaji ni mteremko, na mteremko mnao.

Nikueleze kinachotokea kwenye paja. Ukipanda, msuli hujikaza na kukusukuma juu, hapo unachoka moyo na mapafu. Ukishuka, msuli ule ule unakaza huku unavutwa urefuke. Unafanya kazi ya breki. Kazi hiyo huchanachana nyuzi za msuli, ndiyo maana mtu huamka kesho yake hawezi kukaa chooni bila kushika ukuta. Habari njema ni kwamba mwili hujifunza upesi. Ukishaupitisha kwenye kazi ya breki mara chache, maumivu ya safari zinazofuata hupungua sana, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Anayekimbia ufukweni kila asubuhi mchanga ukiwa umeloa na kushikana ana moyo mzuri, lakini breki hana. Nimeona wachezaji mpira wa miguu, vijana wenye vifua, wakishuka mlima kinyumenyume kwa maumivu, na mama muuza samaki mwenye miaka 50 akiwapita na beseni lake la mazoea.

Kwa hiyo tafuteni kilima kikali kuliko vyote karibu yenu, au ngazi za zile nyumba za maendeleo hapo Wete. Ngazi ya ghorofa tatu ni mita 9 au 10. Kupanda na kushuka mara kumi hujapita mita 100, basi pata picha ya kazi iliyoko mbele. Mwezi wa kwanza, mara tatu kwa wiki, nusu saa ya kupanda na kushuka bila mzigo. Msishuke kwa kuruka. Wekeni mguu polepole, goti limekunjwa kidogo, mtu asisikie kishindo cha kiatu. Mwezi wa pili ingizeni dumu la lita tatu kwenye mkoba wa mgongoni, halafu la lita tano. Na kila mwisho wa wiki tembeeni mwendo mrefu, saa tatu, kisha nne, kisha sita, kwenye njia za mashamba zenye kupanda na kushuka, na viatu vile vile mtakavyovaa Hanang. Wiki ya mwisho kabla ya safari pumzisheni miguu, matembezi mepesi tu. Asiyeweza kutembea saa sita kwenye vilima vya Pemba mwezi wa saba, mwambieni kwa upole abaki Katesh siku ya kupanda. Atawapikia, na mtarudi marafiki.

Viatu vinataka maneno zaidi. Raba za kawaida zenye soli bapa huteleza kwenye vumbi na nyasi za Hanang. Ndara na makubadhi usizitaje. Kiatu cha mlima kipya ni ghali, na wengi wetu tunakipata mtumbani, mathalan Soko la Karume pale Ilala, Dar. Hakuna ubaya, ila kijue. Viatu vingi vya namna hii vina tabaka la sponji kati ya soli ya mpira na kiatu chenyewe, na sponji ile huzeeka kwa unyevu hata kama kiatu hakikuvaliwa. Kwa macho utakiona kipya. Bonyeza ubavu wa soli kwa kucha ya kidole gumba: ikiacha alama isiyorudi, au ikimeguka kama mkate mkavu, kirudishe. Kunja kiatu mara ishirini, angalia kama gundi inafunguka mbele. Nilimwona kijana soli yake ikidondoka nzima juu ya mstari wa miti, ikabaki kwenye njia kama kasa aliyepinduka. Akashuka na kiatu kimefungwa kamba ya begi. Kwa hiyo msinunue kwa mara ya kwanza njiani Dar. Agizeni mapema, mvitembelee angalau wiki sita.

Na kiwe kikubwa kwa nafasi ya kidole kimoja. Wakati wa kushuka mguu husogea mbele, vidole vikigonga ncha ya kiatu mara elfu kadhaa kucha huwa nyeusi na kung'oka. Kateni kucha siku mbili kabla, na kabla ya kuanza kushuka kaeni mfunge kamba upya, kazeni sana pale mguu unapokunjikia, ili kisigino kisitoke mahali pake.

Baridi nayo ni halisi. Joto hupungua nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mnapoliacha joto la 28 pwani, kileleni mchana mnakuta kama 6, na upepo juu yake. Vaeni kwa tabaka: fulana isiyo ya pamba, maana pamba ikilowa jasho inakugandisha, kisha sweta, kisha koti la kuzuia upepo na mvua. Kofia, glavu. Kina dada, buibui refu litawaangusha, mguu unalikanyaga kila hatua ya kupanda. Suruali pana na gauni la magotini juu yake, na mtandio wa kufunga nyuma usiopeperuka, unasitiri na unakwenda. Kila mwanamke achukue kanga moja. Hakuna choo njiani, na kanga iliyoshikwa na wenzako wawili ni chumba. Kanga ni taulo, ni shuka ya kusalia, ni kitambaa cha kufungia kifundo cha mguu kilichotenguka. Anayetarajia hedhi siku hizo achukue vifaa vya kutosha na mfuko wa kurudi na taka zake. Hakuna cha kuachwa mlimani.

Maji msiyategemee njiani kabisa. Lita nne kila mtu, zibebwe kutoka Katesh, na pakiti mbili za chumvichumvi za ORS, kwa sababu anayetoka jasho siku nzima na kunywa maji matupu hujikuta ana kichefuchefu na mikono imevimba. Chakula sina la kuwafundisha watu wa Wete. Tende, haluwa yenu, kashata, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu. Kuleni kidogo kila baada ya saa moja hata kama hamna njaa, juu hamu ya kula hupotea.

Kabla ya yote hayo nendeni spitali mkapimwe, na hapa nakuomba usinipite haraka. Kwetu visiwani selimundu, yaani sikoseli, ipo katika koo nyingi, na wako wengi wanaobeba chembe moja tu ya urithi huo bila kujua, hawajawahi kuugua. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Upungufu wa oksijeni na maji mwilini ndiyo mambo yanayomletea mashambulizi. Anayebeba tu, wengi wao hupanda salama, lakini baadhi huumia bandama wakiwa juu: maumivu makali ubavuni kushoto, chini ya mbavu. Kipimo ni cha damu. Anayekutwa anabeba aamue pamoja na daktari, na akiamua kupanda mwongozaji ajue, na maumivu ya ubavu wa kushoto yawe amri ya kushuka. Mwenye pumu, shinikizo la damu au mimba naye ashauriane na daktari kwanza.

Mwezi wa nane ni kiangazi huko, mmechagua vyema. Wala msikubali mtu awasogezee safari hadi msimu wa mvua. Tarehe 3 Disemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Hanang hadi Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Mtawakuta wenyeji waliozika jamaa zao. Mlima huo kwao una kumbukumbu hiyo, muutembelee kwa adabu.

Siku yenyewe: amkeni saa 9 usiku, mle, na saa 11 kamili muwe mnatembea, kila mtu na tochi yake ya kichwani. Kwanza mashamba, kisha msitu, kisha miti inaisha na njia inasimama wima kwenye ukingo wa mawe na nyasi. Nendeni mwendo ambao mnaweza kuzungumza. Aliye mzito zaidi awekwe nyuma ya mwongozaji, asiwe mkiani, maana wa mkiani akiwafikia wenzake waliopumzika wao huondoka, yeye hapumziki asilani. Kilele cha kwanza mtakachokiona si kilele. Kuna kingine nyuma yake, na baada yake ukingo unapanda na kushuka bado.

Hapo ndipo saa ya kurudi inapohitajika. Ikubalini usiku wa kuamkia, mbele ya mwongozaji, wote saba: saa 7 mchana popote mtakapokuwa, mnageuka. Jua la Agosti kule huzama saa 12 na nusu na kidogo, na kushuka kunataka saa nne hadi tano kwa magoti mageni. Mkiwa mmebakiza dakika ishirini kufika kileleni mtatamani kuivunja ahadi. Ndiyo maana inawekwa usiku, mkiwa mmeshiba na akili zimetulia, na ndiyo maana namkabidhi mwongozaji mamlaka ya kuisimamia, siyo kiongozi wa kundi.

Adhuhuri na alasiri unganisheni na mpunguze, nyinyi ni wasafiri. Maji ni ya kunywa, tayammamu inatosha. Kibla kwetu ni kaskazini moja kwa moja. Hanang iko magharibi zaidi, kwa hiyo elekeeni kaskazini na mguse mashariki kidogo. Salini mahali tambarare kabla hamjafunga kamba za kushukia.

Mkirudi nyumbani, jambo la mwisho. Malaria imepungua mno visiwani, na wengi wenu kinga ya asili hamna tena. Mlale ndani ya chandarua njia nzima ya Bara, na mtu yeyote atakayepata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi asijiambie ni uchovu wa mlima. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe, na amwambie daktari kwamba ametoka Bara.